Wastani Wako Umelala Gesti Gani?

Jamani, hii hesabu ya "matumizi ya kila mtu kwa kula nje na malazi", aliyeibuni hajawahi kukalia benchi la mama ntilie pale Mwanjelwa, Mbeya. Inachukua fedha zote ambazo kaya zimetumia hotelini, migahawani, baa na gesti, inazigawa kwa vichwa. Vyote! Sensa ya 2022 ilitukuta 61,741,120, na humo yumo kichanga wa Uyole ambaye mgahawa wake hutembea nao mama yake. Yumo na bibi wa Rungwe asiyewahi kulipia sahani ya ndizi, maana mgomba uko nyuma ya jiko. Wote wanakatiwa fungu. Kwenye makaratasi, bibi anakula chipsi kuku na kulala self, chumba chenye choo na bafu ndani.

Kinachoingia humo nacho ni vituko. Mchele wa Kyela ukiupika kwako ni "chakula". Mchele uleule akiupakua mama ntilie, na maharage juu, ni "migahawa", hata ukifungiwa ukaenda kuulia sebuleni kwako. Bia ya dukani ukiinywea nyumbani iko fungu la vileo. Ukiinywea kaunta, imehama. Chupa ni ileile, kilichobadilika ni kiti. Na yule bosi aliyekuja Mbeya semina siku tatu, bili ya hoteli ikalipwa na ofisi? Hayumo. Ile ni gharama ya kazi, si matumizi ya kaya. Mlaji mkubwa katolewa, kabaki bibi!

Twende gesti. Takwimu inahesabu vichwa, mwenye gesti anahesabu vitanda. Chumba cha 20,000 mkilala wawili ni 10,000 kila mmoja, ukilala peke yako ni 20,000. Sasa chukua wachuuzi wawili wa viazi, wanaume, wanaotaka kubana matumizi. Ukutani, juu ya kitabu cha wageni: "Wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja." Basi, 40,000. Na kitabu kinataka jina, kabila, utokako, uendako na kazi yako, kana kwamba unaposa.

Halafu "maji ya moto yapo". Yapo, ndiyo, ila kuyapata ni ufundi. Shawa ya umeme ina mpira ndani unaosukumwa na presha ya maji ndipo umeme uguse koili. Tangi likiwa limekaa usawa wa dari, presha haitoshi, mpira hausogei, unaoga maji baridi ya Julai ya Mbeya. Ukifungua bomba lote kwa hasira, maji yanapita mbio kabla hayajapata moto. Dawa yake: fungua mpaka usikie inanguruma, kisha punguza taratibu, na ukome kabla mngurumo haujakata. Ukikata, anza upya, na povu lako kichwani.

Na usimlaumu mama ntilie sahani ikipanda bei. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Sufuria inatokota kwa mbwembwe, lakini maharage yanakutazama tu. Kama hayakulowekwa usiku kucha, mkaa wa ziada unaingia kwenye sahani yako. Akiharakisha kwa magadi mengi, ngozi zinavuka, mchuzi unakuwa uji wenye ladha ya sabuni. Mwenzake wa Kyela, kule chini ziwani, hana shida hiyo. Ana joto na mbu, lakini maharage yake yanaiva.

Chipsi za safarini ndizo usiseme. Konda kasema dakika kumi, wewe uko nyuma ya watu kumi na wanane, mafuta yamepoa kwa viazi vilivyorundikwa kwa pupa, kwa hiyo vinayanywa badala ya kukaangika. Unapewa zimelegea kama kamba mbichi, honi inapigwa, chenji yako inabaki Makambako.

Malipo ya gesti sasa. Unauliza, "Natuma 20,000 kwa simu?" Dada wa mapokezi, bila kuinua macho kwenye simu yake: "Na ya kutolea, kaka."

Haya wataalamu, hiyo ada ya kutolea mnaiweka malazi au huduma za fedha? Au naye bibi wa Rungwe kachangia?