Supakondakta zisizo na ulinganifu: kipimo kimoja kisikudanganye

Juzi tukiwa kwa kibanda Chiromo tunangoja chapo na ndengu, jamaa mmoja wa fizikia akaapa ati supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila upinzani kikipoa sana, elektroni zikienda jozi jozi) yoyote ambayo fuwele yake haina ulinganifu wa kupindua, lazima elektroni zake zijipange kiajabu. Mi nikamwambia pole pole buda.

Hiyo ulinganifu iko hivi: shika trei ya mayai 30, weka kidole katikati kabisa, kila yai lina mwenzake ng'ambo ya pili, umbali ule ule. Toa moja tu, mwenzake kabaki mjane. Kwa fuwele kama hizo nadharia inaruhusu jozi za elektroni zenye spini (ile sumaku ndogo ya kila elektroni) kinyume zichanganyike na za spini sambamba. Inaruhusu, hailazimishi.

Pointi anayo lakini. 2004 Ernst Bauer na wenzake kule Vienna walitoa CePt3Si (seri, platini na silikoni), fuwele isiyo na huo ulinganifu, inageuka supakondakta kwa kelvini 0.75, juu kidogo tu ya sufuri ya baridi, na hapo jozi za kawaida, zile za spini kinyume, zingevunjwa na sumaku ya tesla 1.4 hivi, hii ikahimili karibu 5. Tamu, ila kukosa ulinganifu kwenyewe kunaweza kuupandisha huo mpaka wa sumaku hata kwa jozi za kawaida, na tena ina usumaku wake tangu kelvini 2.2, sasa utajuaje nani kaleta nini?

Mi nashikilia Li2Pd3B (ya paladi) na Li2Pt3B (ya platini). Muundo mmoja, zote hazina ulinganifu. Unaweka kipande ndani ya koili ya saketi inayotetema, unapandisha joto kidogo kidogo, unafuata frikwensi ikisogea, ndo unajua sumaku imepenya kiasi gani. Ya paladi karibu na sufuri ikatulia tuli kama supakondakta ya kitabuni, ya platini ikapanda mstari ulionyooka, yaani kuna sehemu jozi ni dhaifu, joto kiduchu linazivunja. Platini ni nzito, inafunga spini na mwendo wa elektroni kwa nguvu zaidi. So kukosa ulinganifu peke yake hakutoshi.

Na hicho kipimo kinaona ngozi ya kipande tu, so nataka joto mahususi (joto linalohitajika kupasha kipande kizima) kando yake, ingawa hilo nalo linahesabu mpaka uchafu wa ndani.

Jamaa akatoa LaNiC2 (lanthani, nikeli na kaboni), nayo haina ulinganifu. Hapo alinishika, 2009 myuoni (chembe ndogo zinazohisi sumaku ndani ya kipande) kule Uingereza zilionyesha usumaku mdogo ukizuka pale pale inapogeuka supakondakta, kelvini 2.7, na jozi za kawaida hazifanyi hivyo. Nikamjibu vipimo vya mpenyo vya hiyo hiyo LaNiC2 vimegongana, timu moja iliona sehemu dhaifu, nyingine haikuona. Akacheka, akasema basi kipande kimoja kilikuwa kichafu.

Kipi sasa?