Paa lisilovuja nalo hukaguliwa

Wiki iliyopita mvua ya mawe ilishuka usiku hapa Munich. Chumba changu kiko juu kabisa, na dirisha lake liko kwenye paa lenyewe, juu ya kitanda. Halikupasuka, halikuvuja hata tone. Asubuhi fundi akabisha hodi: mwenye nyumba kamtuma akague. Akapitisha kidole kwenye mpira unaozunguka kioo, akatoa majani yaliyoziba njia ya maji, akaaga. Nilifurahi, kisha nikapandwa na hasira, maana nilikumbuka kwetu Tabata, Dar es Salaam.

Mnalijua lile bati la plastiki la kuingiza mwanga jikoni. La kwetu limekuwa la njano, nyuzi zimechomoza. Jua la Dar ndilo mvua yetu ya mawe: linapiga kila siku mpaka plastiki inakatika kwa kidole. Tena fundi aliligongomea misumari ikabana kabisa. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko bati la chuma. Ikikosa nafasi, inachanika pale pale penye msumari. Masika ikiingia, ndoo. Halafu lami ya kuziba ufa. Mwaka unaofuata, lami juu ya lami. Na fundi wa dishi akikanyaga hapo bila kujua, anashuka nalo hadi sakafuni.

Najua mtasema, "Kaenda Ulaya juzi, leo anatudharau." Simdharau mtu. Soko la Kariakoo alilichora nani? Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, na ile miavuli ya zege ilijengwa ikinge mvua na kuipeleka kwenye matangi, tangu 1975. Akili ya paa tunayo! Tunachokosa ni mtu wa kupanda ngazi Februari, wakati hakuna kinachovuja.

"Wenzetu wana hela." Hela gani? Skrubu yenye washa ya mpira haimshindi anayelipia king'amuzi kila mwezi. Hawa nao walifundishwa kwa kipigo: Julai 1984 mawe yaliwavunjia mapaa na vioo Munich hii hii. Sisi Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitutangazia kimbunga Hidaya mapema, tukatumiana video za mawimbi. Bati nani alilitazama?

Mwingine atasema nyumba ni ya urithi, ndugu hawaelewani nani alipe. Hilo ni kweli, na linaniuma kuliko yote, kwa sababu anayehamisha ndoo usiku ni mama.

Na wewe unayeniambia nirudi nizibe mwenyewe: hela ya bati jipya nimeshamtumia mdogo wangu. Nimemsisitizia fundi atoboe tundu pana kuliko skrubu, na lami asiiguse.