Deni la kwenye hogo

Watu wakiniuliza nimeumiaje, nawaambia bodaboda. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia mweka hazina wa kikoba.

Jumamosi hiyo nasikia "Hodi wenyewe!" mlangoni, na rejesho la 45,000 sina. Nikatokea uani, nikaparamia ukuta wa jirani. Ukuta wenyewe haunifiki hata kifuani. Kandambili moja ikabaki juu, nyingine nikatua nayo kwenye ndoo iliyofunikwa. Kah! Kifundo cha mguu kikalia kama kijiti cha mshikaki. Aliyekuja kuniokota ni yuleyule mweka hazina, na bajaji akaita yeye.

Picha ikaonyesha mfupa ule mwembamba wa nje umepasuka ila haujahama, hivyo kisu hakuna. Nikafungwa hogo wiki sita. Hakuna aliyenionya kwamba plasta ikianza kushika hutoa joto. Nilipiga kelele naungua mpaka foleni ya nje ikapungua.

Nyumbani, kila mgeni na chupa yake ya supu ya makongoro, eti mguu wa ng'ombe huunga mguu wa mtu. Kufika wiki ya tatu, nikisikia ng'ombe analia naona aibu. Halafu muwasho! Kuchokonoa kwa kijiti nimekatazwa, maana ukijichubua humo ndani hakuna wa kukiona kidonda. Nikawa nalipiga hogo makofi kama mtu anayechagua tikitimaji.

Kikoba nao wakaja, sare za vitenge, nyuso za msiba. "Pole sana, mwanangu," mweka hazina akaanza. "Mwanachama akiugua, mfuko wa jamii unampa 38,000." Nikanyoosha mkono. Hakuutazama. "Sasa, rejesho 45,000, faini 5,000, toa hiyo 38,000... Daftari nimelisahau." Akachomoa maka peni kwenye mkoba, akainama, akaandika juu ya hogo langu: BADO 12,000. Akaweka na sahihi.

Siku ya kulikata, msumeno ulipowashwa nilimdaka mkono fundi wa plasta. Akaugusisha kiganjani mwake nione: unatetemeka tu, ngozi haukati. Alipofika kwenye maandishi akauzima.

"Hii umeshalipa?"

"Bado."

"Mm." Akazungusha msumeno pembeni, kwa adabu zote.

Mguu ukatoka mwembamba, una magamba kama sato. Nipo kwenye korido na magongo, najifunza upya kukanyaga, simu ikaita. Mweka hazina. Habari za mguu hakuuliza.

"Hicho kipande chenye sahihi yangu usikitupe. Jumamosi uje nacho."