Kabla hujamtengenezea mtu sabuni, jua kwanza anaogaje

Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo aliandika kwamba zawadi za kutengeneza nyumbani ni ubahili uliofungwa riboni. Akaweka na vicheko vitatu. Mi sikumjibu kule maana kundi lina wazee na wakati huo mchango wa msiba ulikuwa unaendelea, ila maneno yake yamenikaa, kwa hiyo ntayamalizia hapa.

Natengeneza sabuni, skrabu na mafuta ya kupaka jikoni kwangu hapa Mbagala, mwaka wa sita sasa, na siuzi. Natoa. Harusi, arobaini ya mtoto, mwalimu wa wanangu, jirani aliyenishikia funguo nilipokuwa nimelazwa. Na kusema ukweli huyo ndugu simlaumu sana, kwa sababu nyingi ya zawadi hizi ni ovyo kweli, si kwa kuwa zimetengenezwa nyumbani, hapana, ni kwamba aliyetengeneza aliona video ya mtu wa huko mbali akaiga kama ilivyo, hakukaa hata dakika moja akajiuliza huyu ninayempelekea anaogea wapi, maji yake yakoje, na bafuni kwake kuna nini.

Nina ushahidi na ushahidi wenyewe ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilipagawa na yale mabomu ya kuogea, ile mipira ya rangi rangi. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1989 na mama anaitwa Mo Constantine, ambaye baadaye yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya Lush, na kazi ya ule mpira ni moja tu, unautupa kwenye lile sinki kubwa la kulala ndani likiwa limejaa maji, baking soda na asidi ya sitriki zilizomo zikilowana zinatoa gesi, basi unafoka povu na harufu huku wewe umejilaza. Vizuri sana kwa mwenye hilo sinki. Mi nikatengeneza kumi na mbili, nikazipanga mezani zikauke, asubuhi nakuta nane zimevimba na kupasuka kama andazi lililozidi hamira, unyevu wa hewa ya Dar tu huo, hakuna aliyezimwagia maji. Nne zilizopona nikampelekea mama wa mlango wa pili. Akazipokea kwa mikono miwili, akazinusa, afu akaniuliza kwa heshima zote, "Mdogo wangu, hii naitia kwenye ndoo au najisugulia?"

Sikuwa na jibu. Yule mama anaoga kwa ndoo na kopo kama mimi na kama nusu ya mtaa. Mwishowe aliitia kwenye beseni akalowekea miguu, na naamini alifanya vile kunihurumia.

Ndo siku hiyo nikaanza kufikiria singo, ile skrabu ya maua ya bi harusi wa Pwani. Wale wa Unguja na Pemba wanaijua vizuri kuliko mimi, mi nimeiona kwa upande wa mama yangu, mtu wa Pangani. Maua ya mawaridi, asumini, langilangi, mpompia, rehani, karafuu kidogo, liwa, vinakaushwa vinatwangwa, vinalowekwa kwa marashi ya mawaridi, afu bi harusi anasingwa siku kadhaa kabla ya shughuli. Sasa angalia ilivyopangwa. Haihitaji sinki. Unapakwa umekaa kwenye mkeka, inakauka kidogo, inasuguliwa inaanguka yenyewe na taka zake, unajimwagia maji ya kopo basi umemaliza. Kitu kimetengenezwa na watu wanaojua tunaogaje. Na haikuwa inaletwa kwenye kopo mtu akaacha mlangoni akaenda zake, inakuja na mikono ya somo, yaani yule mama anayemfunda binti, na somo ngozi ya yule binti anaijua toka alipovunja ungo. Akiona karafuu inamchoma anapunguza palepale.

Basi nikaacha kuangalia video, nikaanza kuuliza watu maswali. Ndo maana ndugu zangu wananiona mbea. Nauliza kwako maji ni ya bomba au ya kisima, mnaogea nje au ndani, ngozi ya mtoto ina ukurutu, baridi huko inafika wapi.

Hilo la baridi nimelilipia. Wifi yangu anaishi Njombe, nikamtumia skrabu ya sukari na mafuta ya nazi kwa basi, mwezi wa sita. Kwangu ilikuwa laini inachoteka kwa kidole. Ananipigia simu, "Wifi, asante, ila hii sabuni yako mbona ngumu hivi, naikwangua na kijiko?" Kumbe mafuta ya nazi chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda, na Njombe mwezi wa sita nyuzi 24 utaziona wapi. Yaani mwanamke wa watu anatetemeka bafuni huku anachimba skrabu kama anatafuta dhahabu. Siku hizi za kwenda nyanda za juu natumia ufuta, hayo hayagandi kirahisi, na kwa joto la Dar naweka nazi tupu. Kosa jingine lilikuwa la maua mabichi. Niliweka asumini mbichi ndani ya mafuta kwa ajili ya binamu yangu anayeolewa, chupa ilipendeza mno, kila mtu pale kwenye send-off anaisifia, wiki ya tatu kaniambia imeota manyoya. Maua yana maji, na maji ndani ya mafuta ni kualika ukungu. Kama hujalikausha ua mpaka linavunjika vidoleni usilitie humo, hata kama picha haitapendeza.

Haya, sabuni sasa, maana hapa ndo roho yangu ilipo.

Huku kwetu wengi tunatumia maji ya visima na mengine yana chumvi mpaka chai inakataa. Sabuni nyingi nzuri za dukani ukizisugua kwenye maji hayo zinaleta utelezi wa kijinga tu, povu hakuna. Sabuni ya mafuta ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndivyo ilivyo nazi. Kwa hiyo kumpa mtu wa Mbagala au Kigamboni kipande cha sabuni ya nazi, kwangu, ni sawa na kumpa mtu wa mguu mkubwa kiatu kinachomtosha.

Mafuta natoa mwenyewe. Nazi kumi na mbili zilizokomaa, nakuna kwa mbuzi (mashine ipo sokoni lakini inakuna na vipande vya kifuu), nakamua tui zito, naliacha lilale, asubuhi naengua ule utando wa juu nauchemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge na yale mashapo yawe ya kahawia. Nyumba nzima inanukia kama mtu anapika kashata. Napata chini kidogo ya lita. Chicha siitupi, nasugulia visigino vyangu, hiyo zawadi najipa mwenyewe.

Afu kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Na nisieleweke vibaya, kostiki soda sio magadi ya kulainishia maharage, ni vitu viwili tofauti na ukichanganya majina unaweza kumpotezea mtu macho. Nusu kilo ya mafuta ya nazi inataka kama gramu 91 za kostiki ili igeuke sabuni yote, mi naweka 75, makusudi, ili mafuta kiasi yabaki bila kugeuka, maana sabuni ya nazi iliyogeuka yote inasafisha mpaka unapauka kama umetoka kucheza kwenye majivu. Napima kwa mizani, sio kwa kijiko, sio kwa macho, na anayekwambia "weka kiasi" mkimbie. Unamwaga kostiki ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, inaruka. Sufuria ya aluminiamu usiitumie kabisa, kostiki inaila huku inatoa gesi, mi natumia ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa plastiki, glavu, miwani ya fundi welda niliyoazima nikasahau kurudisha, na watoto nje. Hiyo siku hata mume wangu haingii jikoni.

Kuna siku nilitaka kujifanya mjuzi, nikapata mafuta ya karafuu ya Pemba, yale yanayotolewa kwenye makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kachupa kadogo yana harufu ya kukurudisha utotoni. Uji wa sabuni ulikuwa umekaa vizuri unamiminika, nikatia kijiko kimoja. Jamani. Sekunde chache mwiko ukasimama. Nikageuza, ukawa uji mzito, nikageuza tena, sima. Nilikuwa nabandua sabuni kwenye ndoo kwa mikono naifinyanga kama mpishi wa matonge, ikatoka mabonge yenye matundu, na wakati huo ya moto. Karafuu inaharakisha sabuni kuganda, wazoefu wote wanalijua hilo kasoro mimi. Na isitoshe mafuta ya karafuu yakizidi yanachoma ngozi. Kwa hiyo sasa sabuni yangu haina harufu yoyote, naifunga kwenye karatasi ya kaki pamoja na punje nne tano za karafuu kavu, ukifungua unanusa, ukioga huchomwi.

Limao nalo niliache salama? Hapana, hilo naligomea. Watu wanapenda skrabu ya limao na sukari kwa sababu inanukia usafi, lakini juisi ya limao au ndimu ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani inaunguza, unapata mabaka meusi ya wiki na wiki. Na jua letu unalijua. Mtu anaondoka kwako na zawadi anarudi na baka shingoni.

Hapo ndo naingia kwenye ugomvi na shangazi yangu. Nilimpelekea kopo la mafuta, nikamwamkia shikamoo, marahaba, akalifungua, swali la kwanza, "Mwanangu, hii inang'arisha?" Nikamwambia hapana shangazi, inalainisha tu. Akalifunga. Akaliweka nyuma ya televisheni na najua lipo hapo mpaka leo. Najua kuna njia ya kumfurahisha, sokoni kuna vikopo visivyo na jina vya kuchanganyia, na zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwa sababu zinaharibu ngozi, na zebaki inakwenda mpaka kwenye figo. Sitamtengenezea shangazi yangu mkorogo nikaufunga riboni. Anione bahili tu.

Na tukirudi kwa yule wa vicheko vitatu. Nazi kumi na mbili, mkaa, kostiki, siku nzima ya kukuna, mgongo, afu wiki nne mpaka sita sabuni inakaa kwenye shelfu inakauka na kutulia. Kwa hela hiyo na muda huo ningenunua katoni ya sabuni za dukani nikagawa na chenji ikabaki. Ubahili gani huo wa kunigharimu zaidi? Wengine wananiambia si uuze basi, nenda SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakufundishe vizuri, najibu kuuza ni habari nyingine, vipodozi toka 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, kuna kupima na kusajili, na ni haki iwe hivyo kwa sababu mnunuzi humjui. Mi wangu nawajua. Nikimpa mtu kitu kikamwasha atanipigia simu usiku na nitaamka.

Vifungashio sina maneno mengi. Chupa ya jamu iliyochemshwa ikakauka kabisa inatosha, plasta nyeupe, kalamu, tarehe niliyotengeneza na vilivyomo ndani. Riboni ziliisha mwaka juzi sijanunua nyingine na hakuna aliyelalamika.

Sasa hivi nina vipande kumi na nane nilivyokuwa nimevipanga kwenye gazeti juu ya kabati, ni vya mzazi wa hapa mtaani anayetimiza arobaini mwisho wa mwezi, bafu lao la uani na kisima chao cha chumvi nakijua maana nimechota huko. Mama mdogo kapita juzi akaviona, akanipigia simu mara mbili anataka kimoja. Nikamwambia bado wiki mbili, mama, havijatulia. Akasema basi nipe hichohicho kibichi, kitatulia kwangu. Nimevihamishia chumbani na mlango nafunga.