Saruji si dawa ya kuta za Mji Mkongwe

Mwandishi wa mwongozo mmoja wa majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja anasema nyumba za humo hudumu zaidi zikipigwa lipu ya saruji, na miongoni mwa majumba anayotuhimiza kuyatembelea analisifu moja kwa ukuta wake mpya na imara. Hapo sikubaliani naye. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nazo hunywa unyevu wa mvua na wa ardhini kisha huutoa taratibu, ilhali saruji huuziba humo ndani, chumvi ikapanda na boriti za mikoko zikaoza pale ncha zake zilipoingia ukutani. Kwetu Malindi, mtaa wa humo Mji Mkongwe, tulipiga saruji ukumbini. Masika ya pili hayajaisha, lipu ilikuwa ikibanduka vipande vizima, na mawe ya nyuma yake yakitoka unga ukiyagusa kwa kidole. Fundi mzee aliikwangua yote akarudisha chokaa iliyorowekwa miezi kadhaa, wala hakutaka kuharakishwa. Boriti hizo hizo, kwa urefu wake mdogo, ndizo zilizovifanya vyumba vyetu viwe vyembamba na virefu, jambo ambalo mwongozo huo uliojaa picha za milango ulipaswa kulitaja. Je, yupo anayejua ni wapi Unguja bado inachomwa chokaa nzuri?