Yule wa PC ndo tuliyempenda

Mi niko Uingereza miaka mingi sasa, na kuna tangazo moja la kompyuta kila likinijia nawakumbuka watu wa baraza letu kule Langoni, Lamu. Wengi mtakuwa mnayajua, yale ya Apple ya 2006 mpaka 2009, watu wawili wamesimama kwenye weupe mtupu, mmoja kijana wa jinzi anasema yeye ni Mac, kompyuta ya Apple, mwengine kavaa suti na miwani, kanenepa kidogo, ndo PC, yaani kompyuta za Windows. Marekani walicheza Justin Long na John Hodgman, huku Uingereza 2007 wakawekwa Robert Webb na David Mitchell, ambao watu walishawazoea kwa vichekesho vya tivii.

Basi nimerudi likizo nikawaonyesha lile la vairasi kwenye laptopu, baada ya alasiri, tumekaa barazani, mi natafsiri. PC anapiga chafya, mgonjwa, Mac anampa tishu, na yule maskini badala ya kuilalamikia hali yake anamwambia mwenzake kaa mbali, hii kali, mwaka jana kulikuwa na vairasi 114,000 za PC. Mac anajibu, za PC, si za Mac. Mara PC huyo chini, chali! Nikacheka peke yangu. Ami yangu akaniuliza, "Sasa huyu kijana mbona hakumshika mwenzake?"

Wallahi sikuwa na jibu. Huku nilishazoea kwamba anayejiamini, asokunja uso, ndo wa kufuatwa, hata kwenye intavyuu ya kazi nimeliona hilo, lakini pale barazani mtu anapimwa kwa uungwana wake, na muungwana pale alikuwa yule anayeumwa na bado anamhofia mwenzake asiambukizwe. Afu jamani, PC ilikuwa ndo kompyuta yetu. Sisi tulijifunzia saiba, foleni, flashi moja inazunguka mtaa mzima na vairasi zake, umeme ukikatika kazi yote imepotea unaanza upya. Mac nani alikuwa nayo? Ukimcheka PC ni kama unatucheka sisi.

Ntasema kweli, tangazo lilifanya kazi, 2007 lilichukua Grand Effie, tuzo wanayopewa matangazo yaliyoleta matokeo, na mi mwenyewe leo natumia Mac na ni nzuri. Ila mfuko ni mfuko na moyo ni moyo. Mi naona waloandika walimpa PC kila kitu, chafya, aibu, hofu, na Mac wakamwacha kasimama tu anatazama, sasa mtazamaji atashikamana na nani kama si yule mwenye shida? Na Apple wenyewe nadhani walilijua hilo, kwa sababu 2020 walivotoa M1, chipu yao wenyewe ya Mac, waliyemrudisha mwishoni mwa onyesho ni Hodgman, PC yule yule na suti yake, kijana hayupo. Yule kijana, Long, 2021 alichukuliwa na Intel, watengeneza chipu za PC, akaanza kuzisifu PC.

Ami hayo ya Intel hayajui wala hayamhusu. Baada ya likizo ile nimerudi huku nikampigia simu, tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, afu akaniuliza, "Na yule wa suti, alipona?"