Imunotherapi kwa saratani ya mapafu: wanaosita si wabahili

Mazungumzo ya baraza, Lamu hata Malindi, yakifika kwenye SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, na saratani, hukumu hutoka upesi: dawa ipo, Ulaya wanapewa, sisi tunanyimwa kwa ubahili. Hasira hiyo naielewa. Lakini madaktari na wachumi wa afya wanaosema imunotherapi, dawa za kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, isilipiwe kwa bei ya sasa wanasingiziwa.

Wanaoitaka dawa wana hoja nzito. Utafiti wa KEYNOTE-189 wa 2018 ulihusisha wagonjwa 616 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Wote walipata kemo, theluthi mbili wakaongezewa pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo za imunotherapi. Baada ya mwaka, asilimia 69 ya walioongezewa walikuwa hai; kwa kemo pekee, 49. Baada ya miaka mitano, 19 kwa 11. Anayeita hayo madogo hajauguza mtu.

Sasa bei. Marekani dozi moja huorodheshwa kwa zaidi ya dola 11,000, karibu shilingi milioni 1.4, nayo hutolewa kila wiki tatu, hadi miaka miwili. Tuseme sisi tuuziwe kwa robo tu. Kifurushi cha saratani cha SHA kilianza 2024 na shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka: hakitoshi kulipia dozi ya pili. Kikifikishwa milioni moja, ya tatu inakwama. Mwaka una dozi 17.

Na mgonjwa mwenyewe ni nani? Ni mtu aliyepanda boti alfajiri hadi Mokowe, akapanda basi la Mombasa, baada ya kumezeshwa dawa za TB kwa miezi kwa sababu kikohozi na kukonda vinafanana. Kabla ya dripu yoyote anahitaji picha ya CT, biopsi (kipande cha uvimbe kupimwa) na majibu ya maabara. Majibu hayo ni muhimu: wenye mabadiliko ya jeni zinazoitwa EGFR au ALK hata hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Wanaosita wanamwona huyu, na wanataka pesa zimfikie mapema.

Hata Uingereza ilisita. NICE, taasisi inayoamua dawa zipi zilipiwe na serikali huko, wakati huo ikipima kwa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya, iliipitisha kwanza 2019 kupitia mfuko maalumu, kisha moja kwa moja 2021, kwa punguzo la siri.

Linaloniuma zaidi ni dozi. Utafiti mwingine wa pembrolizumab, KEYNOTE-010 wa 2016, wagonjwa 1,034, dawa bila kemo, ililinganisha miligramu 2 kwa kilo na 10 kwa kilo. Hapakuwa na tofauti ya maana. Baadaye ikawekwa miligramu 200 kwa kila mtu, mnene na mwembamba. Wetu hufika wamekonda. Mwenye kilo 50, kwa hesabu ya mwanzo, ni miligramu 100: chupa moja badala ya mbili, nusu ya gharama imeondoka. Hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, ilikwenda mbali zaidi: nivolumab, imunotherapi nyingine, miligramu 20, badala ya 240 za kawaida, pamoja na dawa za kumeza, kwa saratani ya kichwa na shingo. Waliofikisha mwaka walipanda kutoka asilimia 16 hadi 43. Hayo si mapafu, lakini yanatosha kudai jaribio kama hilo hapa Pwani, katika hospitali ya Coast General.

Kuhusu bei, njia ipo. Herceptin ya saratani ya matiti ilishuka 2025 kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa dozi baada ya serikali kuzungumza na Roche, kampuni inayoitengeneza, na SHA inalipa. Watengenezaji wa pembrolizumab na nivolumab waitwe kwenye meza hiyohiyo, na suala la dozi litangulie la bei.